Goti la Bibi na Vidonge vya Jirani

Kila akitoka shule, Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alifunga barafu kwenye taulo na kumwekea bibi yake gotini. Goti lilikuwa jipya, la kupandikizwa. La zamani lilisagika kwa miaka ya kupiga deki kiwandani. Kiwanda kilipata sakafu za kung'aa. Bibi alipata goti bovu. "Anayeumwa aache kazi," msimamizi aliwaambia wafanyakazi, na bibi akajifunza kuumwa kimyakimya. Hata muuguzi wa hospitali alipomuuliza hali ya goti, alijibu, "Nzuri tu, mwanangu," kisha mlango ukifungwa anauma shuka.

Mchana mmoja nyumba ilikuwa kimya mno. Bibi alikuwa amejilaza akitabasamu, amekikodolea macho kiti kitupu.

"Msalimie mgeni," alisema kwa ulimi mzito.

"Mgeni gani, Bibi?"

"Shoga yangu wa kiwandani. Huoni ndoo yake inavuja?"

Sakafu ilikuwa kavu. Shoga huyo alizikwa kabla Chiriku hajazaliwa. Bibi akafumba macho, akavuta pumzi, kisha kimya. Kimya kirefu. Pumzi nyingine ikaja kwa mbali, kana kwamba inatoka chumba cha pili.

Chini ya mto palichungulia vidonge visivyo vya hospitali. Chiriku akamtikisa. "Bibi! Umekunywa nini?"

"Vya jirani... alibakiza vya mgongo wake. Nimevichanganya na vyangu. Usimwambie mama yako. Niapie. Watasema nadeka."

Chiriku hakuwahi kumkatalia bibi yake neno. "Nisamehe, Bibi. Siapi!"

Alichomoka mbio hadi uani. Mama alitupa nguo alizokuwa akifua, akapiga simu hospitali. "Msimpe kitu chochote, na msimwache peke yake," waliambiwa. Gari la wagonjwa lilipofika, midomo ya bibi ilikuwa imeanza kupauka.

Hospitali walimdunga dawa ya kuzima nguvu za vile vidonge. Kesho yake alikuwa macho, amenuna.

"Mgeni wako aliletwa na vidonge," muuguzi alimwambia. "Dawa zile mbili ni kali, za jamii moja. Zikikutana, hulaza hata pumzi. Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Kilio chenyewe nilikisikia kinavaa viatu kinifuate," bibi alijibu, na mama akacheka huku analia.

Muuguzi akamgeukia Chiriku. "Umefanya vyema. Siri inayoweza kuua haitunzwi. Dawa hunywewa kama ulivyoelekezwa, ya mwenzio si yako, na isipokutosha, tuambie sisi. Na wewe Bibi, aliyekufundisha kunyamaza hakuwa daktari."

Kisha wakamsimamisha ajaribu kutembea. Bibi alikanyaga, akapiga yowe la miaka yote ile, wodi nzima ikageuka. Hakuna aliyemkemea. Muuguzi alimshika mkono, akangoja yowe liishe, ndipo akauliza, "Haya, linauma wapi?"

Bibi akamwonyesha.