Droni Iliyopigwa Kombeo

Upepo ulivuma Ngaremara tangu alfajiri. Habibo alibandika chai, akaiacha ikafurika. Masikio yake yalikuwa kwenye mtambo wa upepo unaoendesha pampu ya kisima. Bawa moja la mtambo lilikuwa linapiga mluzi.

"Kuno hapandi leo," alimwambia mumewe, Abdirashid.

"Ndugu yako ni fundi. Asipopanda yeye, nipande mimi?"

"Ukipanda wewe, mtambo utavunjika kabisa!"

Abdirashid hakucheka. Safari iliyopita Kuno alining'inia kwa kamba, upepo ukimgonga kwenye nguzo. Lakini mtambo ukiharibika, ngamia watakunywa nini?

Mara kitu kikavuma angani kama nyuki. Ngamia waliokuwa kisimani wakatawanyika.

"Wezi wa mifugo!" Abdirashid alipiga kelele. "Wametuma kidude kihesabu ngamia!"

Akazungusha kombeo. Jiwe moja tu, kidude chini.

Mwanamke mwenye kofia ngumu akaja mbio. Alikuwa Warigia, fundi kutoka mjini. Kuno alimfuata, amebeba kamba.

"Habari, mzee. Umeniangushia droni."

"Habari gani? Unapeleleza ngamia wangu!"

"Ngamia sina haja nao. Droni ina kamera. Inapanda badala ya shemeji yako, inatafuta ufa kwenye bawa. Ikianguka, hatuziki mtu."

Kuno akaanza kufunga mkanda wa kamba. "Sasa imeanguka. Asante, shemeji. Napanda."

Habibo akaushika mkanda. "Hupandi! Abdirashid, jiwe lako limempata ndugu yangu!"

Abdirashid akainama. Akaokota droni, akaipangusa vumbi. "Inatengenezeka?"

"Kibawa kimevunjika. Ninacho kingine," alisema Warigia. "Lakini hata mimi nilikosea. Nimerusha bila kuwaambia wachungaji."

"Umekosea sana. Hapa mgeni hutoa salamu kwanza."

Basi wakaanza upya. Abdirashid alipita boma kwa boma akiwaambia watu. Ngamia wakanyweshwa, wakapelekwa mbali. Upepo ulipopungua, mtambo ukasimamishwa, droni ikaruka. Habibo hakukaa. Alizunguka gari la Warigia mpaka picha ikatokea kwenye skrini.

"Ufa huu hapa, nyuma ya ncha," alisema Warigia. "Kutoka chini huuoni."

Kuno akaisogelea picha. "Hapo ndipo ningeweka mguu."

Kesho yake Warigia alileta roboti. Ilipandishwa na droni, ikashika bawa kwa miguu ya kufyonza, ikatambaa, ikasugua ufa na kuupaka gundi maalum. Kuno aliiongoza kutoka chini, amekalia jerikeni.

"Kazi nyingine bado zitataka mtu apande," Warigia alimwambia. "Lakini usipande kutafuta kile ambacho kamera inaweza kukuonyesha."

Gundi ilipokauka, mtambo ukazunguka bila mluzi. Maji yakajaa kwenye birika la kunyweshea ngamia. Habibo akabandika chai, akaiangalia mpaka ikaiva.

Abdirashid alimsogelea Warigia. "Hiyo droni yako, inaweza kutafuta ngamia aliyepotea?"

"Inaweza, mzee. Lakini kwanza nipe hilo kombeo."