Banda la Chuma

Fundi Nondo alikuwa na dawa moja ya kila tatizo, nayo ni chuma. Kiti kikivunjika mguu, alikitia mguu wa bomba. Kitanda cha wanawe alikichomelea kwa nondo, kikawa kizito hata kukisogeza ili kufagia ni kazi ya watu wawili. Jina lenyewe la Nondo alipewa na majirani, akalipenda.

Mkewe alikuwa mchuuzi wa mboga. Kwa miaka mingi alipita nyumba kwa nyumba na kapu kichwani. Kisha goti likamgomea. Hospitali walimwambia aache kubeba mizigo. Akakaa nyumbani, akanyong'onyea, maana mtu aliyezoea kujitafutia hafurahii kushinda amekaa. Mwishowe akaamua kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba.

"Hii ndiyo kazi yangu sasa, baba watoto," alimwambia mumewe. "Ikinishinda hii, sina nyingine."

"Nitakujengea banda," mumewe akajibu. "Mwizi akija na tindo, atarudi amechoka."

Kweli akalijenga. Paa bati, kuta bati, mlango bati, na dirisha moja dogo la kupitisha mkono. Nguchiro hakuwa na pa kuingilia, wala nyoka. Majirani walikuja kulitazama, naye akalizunguka akiligonga kwa kiganja, kichwa kimemvimba. Mkewe akaingiza mitetea wake, akashukuru.

Siku za mwanzo kulikuwa na mawingu na mambo yalikwenda vizuri. Mayai yalipatikana kila asubuhi. Kisha msimu wa joto ukaingia. Kuku wakaanza kuhema midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili. Mayai yakapungua, na yaliyopatikana yalikuwa na ganda jembamba, ukiyashika vibaya yanapasuka.

"Hawa wana mafua," Fundi Nondo akasema. "Upepo wa dirishani unawapiga."

Akaleta kipande cha bati, akaliziba dirisha. Mkewe naye akasaga pilipili, akaitia kwenye maji yao, kwa kuwa ndivyo alivyosikia kwa watu. Kisha, adhuhuri jua likiwa kichwani, akawajazia chakula ili wapate nguvu. Wote wawili walikuwa na nia njema kabisa.

Kesho yake mchana mama alifungua mlango, akakuta karibu nusu ya kuku wamekufa. Alipindua ndoo, akaikalia, akawatoa mmoja mmoja na kuwalaza chini. Mumewe aliitwa na jirani, na alipofika mbio kutoka karakana yake, alimkuta bado ameketi pale.

"Kazi yangu imekwisha," mkewe akasema.

Fundi Nondo alikwenda moja kwa moja kumwita daktari wa mifugo, mwanamke mmoja mfupi, mcheshi, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili.

Daktari aliwatazama kuku waliokufa, kisha waliobaki. Akauliza, "Walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa kideri?"

"Walichanjwa kabla sijawanunua," mama akajibu. "Aliyeniuzia alinihakikishia."

Daktari akaugusa ukuta wa banda, akaurudisha mkono wake upesi.

"Fundi, banda hili umelijenga mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, daktari. Hilo halitikisiki."

"Kazi safi. Hebu ingia."

"Niingie mimi?"

"Ingia, nikufungie kidogo. Tutazungumza ukiwa humo humo."

Fundi Nondo akainama, akaingia akicheka. Mlango ukafungwa. Kicheko kilikatika. Joto lilimshukia kutoka juu, likamzunguka ubavuni. Harufu ya kinyesi ikampanda puani. Jasho likamtiririka hadi machoni. Akaanza kuhema, mdomo wazi. Akagonga mlango.

"Mbona mapema? Sijaanza kuzungumza," daktari akasema kutoka nje.

Mama, ambaye tangu mchana hakuwa ametabasamu, akaangua kicheko licha ya huzuni yake.

Fundi alipofunguliwa, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Wewe una jasho la kukupoza," daktari akamwambia. "Kuku hana jasho. Anajipoza kwa kuhema na kwa kuachanisha mabawa ili hewa impite. Kuku wenu hawa hawana mafua. Walikuwa wanatafuta upepo, nanyi mkauziba."

Maneno hayo yalimchoma Fundi Nondo kuliko cheche yoyote. Alimgeukia mkewe. "Ni mimi niliyewaua kuku wako. Nisamehe."

"Na pilipili nilitia mimi," mkewe akasema. "Tuwaokoe waliobaki."

Daktari akawaonyesha. Kuku wakahamishiwa kivulini, penye upepo. Wakapewa maji safi ya mtungini, yaliyopoa, bila pilipili. Waliokufa hawakuliwa wala kugawiwa mtu. Walifukiwa kwenye shimo refu.

"Sasa niwape chakula?" mama akauliza.

"La. Chakula kikisagwa tumboni kinaongeza joto. Wape alfajiri, na jioni jua likishatulia. Maji ndiyo yasikosekane kutwa nzima. Yaweke kivulini, na yakipata joto uyabadilishe."

"Na banda langu nilitupe?" Fundi akauliza kwa unyonge.

"Chuma chako hakina kosa," daktari akamjibu. "Acha fremu. Toa bati kwenye kuta ndefu mbili, bakiza kiasi cha kufika magotini, juu funga wavu imara. Mwizi na nguchiro watabaki nje, upepo utapita. Paa ulinyanyue, ulifunike kwa nyasi kavu, na liwe na upenu mrefu. Halafu ligeuze banda. Zile kuta mbili fupi, za bati, ndizo zitazame jua linakochomoza na linakotua, ili jua lisiingie ndani."

Fundi Nondo akawasha mashine ya kukatia. Si jambo jepesi mtu kukata alichokichomelea kwa majivuno, lakini alikata. Wale majirani waliokuja kulisifia banda ndio aliowaita kuligeuza, nao walimtania kila hatua. Mmoja alimwambia, "Nondo, leo umeshindwa na kuku." Akakubali kuwa ameshindwa, akawaomba wanyanyue upande wa pili.

Banda lilipokuwa tayari, mume na mke walikwenda kununua mitetea wa kujazia. Walitoka alfajiri, kwa mfugaji wa karibu ambaye kuku wake walikuwa wamelizoea joto lile lile. Fundi alimwonyesha mkewe kuku mmoja mnene mno.

"Huyu ndiye, mke wangu. Tazama kifua."

"Mimi nataka mayai, sitaki mcheza mieleka," mkewe akasema.

Alichagua mwenyewe. Alitafuta macho maangavu, pua kavu, miguu iliyonyooka na manyoya safi chini ya mkia. Aliuliza chanjo gani wamepewa na lini. Akawaweka kwenye tenga lenye nafasi, bila kuwabana, wakafika nyumbani kabla jua halijakaza. Wageni hao waliwekwa kando kwanza. Walipoonekana wazima kwa majuma kadhaa, wakaunganishwa na wenzao, nao banda hawakulijaza.

Kisha ikaja siku ambayo lami ilinata kwenye soli za viatu. Huko karakana Fundi Nondo hakuweza kushika koleo bila glavu. Kila alichokitazama aliona kuku wamelala miguu juu. Akazima mashine, akatoka mbio.

Alifika uani, kimya kabisa. Hakuna hata kuku aliyelia.

"Mama watoto," akaita kwa sauti kubwa. "Kuku wako wapi?"

"Punguza sauti," mkewe akamjibu. Alikuwa ameketi kivulini, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. "Saa hizi wanapumzika. Hawasumbuliwi."

Fundi akachungulia kupitia wavu. Upepo ulikuwa unapita. Kuku walikuwa wamejilaza kwenye udongo uliopoa, wazima wote. Mmoja alinyanyuka, akanywa maji, akarudi kulala.

Akajikalia chini, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Hakuona haya kulia mbele ya mkewe.

"Umeacha kazi ya watu?" mkewe akamuuliza kwa upole.

"Nilikuja kukuangalia. Joto hili, nikaogopa."

Hodi ikapigwa mlangoni. Mteja alikuwa anauliza kama kuna mayai. Mama akanyanyuka taratibu kwa goti lake, akachukua trei iliyojaa.

"Rudi kazini kwako, mume wangu," akasema. "Hapa ni kazini kwangu, na leo nina wateja."