Kigoda cha Aliyenyongwa

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma ya karakana kilikuwa na viti vitatu. Watu walikuwa wanne. Bibie, kichwa cha kundi, alikaa kimoja. Dereva kimoja. Cha tatu Bibie alikivuta akampa Mchongaji, mgeni wa juzijuzi. Fundi Vioo akabaki wima. Karakana yake. Kiti chake.

"Kabati la kigoda lina ufa," Bibie alisema. "Makumbusho wamemwita Fundi abadilishe kioo leo. Mchongaji anaingia kama msaidizi. Nakala inaingia kwenye sanduku la kioo kipya. Kigoda chenyewe kinatoka humo humo."

"Na mlinzi?" Dereva aliuliza.

"Fundi atamshughulisha. Mchongaji atabadilisha."

Kigoda hicho alikikalia mwanamke aliyewaongoza wanyonge kugomea kodi ya vibanda. Kwa hilo alinyongwa. Kigoda kikabaki, watu wakawa wanakwenda kukitazama kwa heshima. Mnunuzi alikuwa anakisubiri ng'ambo ya mpaka.

Mchongaji akaweka nakala mezani. Bibie akaipapasa taratibu.

"Jamani! Hii mikono au uchawi?"

"Mikono tu, Bibie." Mchongaji akacheka.

Fundi aliitazama mikono yake mwenyewe. Makovu ya vioo kila mahali. Miaka yote aliyomfungulia Bibie madirisha ya watu, hakuna siku Bibie aliyoisemea neno. Roho ikamuuma.

Saa nne na robo.

Kioo kibovu kilitoka bila shida. Fundi akamvuta mlinzi pembeni.

"Kaka, sogea huku. Chenga za kioo zikikuingia machoni utanilaumu."

Nyuma yao, Mchongaji alibadilisha vigoda haraka. Akakohoa. Tayari. Kisha akabeba kioo kibovu kukipeleka garini, Bibie na Dereva walikokuwa wakisubiri. Mlinzi akamfungulia mlango.

Fundi akabaki peke yake.

Alifikiria Mnunuzi akifungua sanduku na kukuta bandia. Alifikiria Bibie akimgeukia yule bingwa wake. Mikono ikafanya kazi kabla kichwa hakijakubali. Kigoda cha aliyenyongwa kikarudi kabatini. Nakala ikarudi sandukuni. Akapachika kioo kipya, akakifuta mpaka kikang'aa.

Saa tano kasoro robo.

Gari lilikuwa linakata mitaa ya maghala. Mchongaji hakuweza kusubiri. Akafungua sanduku amwonyeshe Bibie. Tabasamu likamkauka.

"Hiki ni changu."

"Chako vipi?"

"Nimekichonga mimi! Najua patasi yangu. Nilikiacha kabatini. Huyu alibaki peke yake, muulize!"

Bibie akageuka. "Fundi?"

"Kazi ya kubadilisha ulimpa yeye, si mimi." Fundi hakupandisha sauti. "Kigoda chenyewe amekiacha kabatini makusudi. Anajua njia sasa. Atarudi akichukue na watu wake."

"Mwongo! Bibie, anadanganya huyu!"

Bibie aliwatazama wote wawili. Mmoja alimjua toka zamani. Mwingine alimjua tangu juzi.

"Simamisha," alimwambia Dereva.

Mchongaji alishushwa nyuma ya ghala. Alinyoosha mikono yake mizuri mbele yake, kama inaweza kuzuia kitu. Bastola ililia mara moja. Bibie akarudi garini na damu kwenye mkono wa gauni, akajibwaga kiti cha nyuma. Dereva akaondoa gari kwa kasi.

Fundi alikaa mbele. Kifua chepesi. Sasa wamebaki wenyewe, kama zamani.

Halafu akamwona kwenye kioo cha dereva. Bibie amepakata kile kigoda. Anakipapasa. Anakigeuza. Kidole kikasimama upande wa chini.

"Kuna nini hapo?" Fundi aliuliza.

"Jina langu."

"Lipi?"

"Alilonipa mama yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Amelichonga huku chini. Watu wangekiinamia pale makumbusho miaka na miaka, na jina langu limo. Mtu afanye hivyo, halafu akitoe mwenyewe?"

Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Fundi alisikia chuma baridi kikigusa kisogo chake. Angeweza kukana. Angeweza kulia, kuomba, kutaja miaka yote ile.

"Jina hilo," alisema, "yeye ulimwambia lini?"