Udongo wa Kisima Kikavu

Mtungi wa Avelina ulikuwa mtupu kabla ya saa nne asubuhi, na alikuwa ameujaza alfajiri. Akadhani una ufa. Akaazima mwingine, nao ukakauka, ndani ukanuka vumbi la zamani.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mumewe, katekista Ignasi, arudi kutoka kuhiji. Miaka hiyo ya ruksa, milango ilipofunguliwa, hata mtu wa kwao Kizwite alipanda ndege. Huko, kwenye magofu ya mji unaotajwa katika Biblia, mahujaji walioneshwa kisima kilichokauka kabla ya Kristo. Mwenyeji wao aliwakataza kuchukua chochote. Ignasi, kwa kiherehere chake cha utakatifu, akafunga udongo kwenye leso. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kisha Jenifer, binti yao wa pekee, akaanza kunywa. Alikunywa kopo, akanywa ndoo, akalamba ukuta wenye unyevu, na kila alivyokunywa ndivyo midomo yake ilivyopasuka na ngozi kusinyaa, hata mchana mmoja, akiwa amelala kimya mkekani, wazazi wake wakasikia tumboni mwake ndoo ikigonga mawe, ikishuka, ikishuka, isifike chini.

Padre alibariki nyumba, haikusaidia. Ignasi akameza aibu, akamwita Shigela, mganga wa Kisukuma aliyehamia Kizwite na ng'ombe wake.

Shigela alisikiliza habari za hija na leso, akanusa mtungi, akarudi nyuma.

"Jini la kisima hili, Mwalimu. Lina kiu ya tangu zamani. Nipe ule udongo wote, nilifunge humo. Mtoto atapona."

Ignasi akaitoa leso sandukuni. Ilikuwa tupu.

"Mama Jenifer, udongo uko wapi?"

Avelina akaichukua leso, akaipindua. "Si ulisema ni mtakatifu, Baba Jenifer? Niliuchanganya na ulezi siku ya kubariki mbegu. Nikawagawia jumuiya yetu, kaya zote kumi na mbili."

"Wamepanda?"

"Wamepanda. Na mvua imeshanyesha."

Shigela aliokota fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Jenifer alikufa Jumapili. Alipomnyanyua, Ignasi alilia kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Makaburini aliongoza sala mwenyewe. Katikati ya sala, mtoto wa Fransiska, jirani yao wa jumuiya, alivuta kanga ya mama yake, akaomba maji. Akapewa. Akamaliza kopo, akaomba tena.