Vitufe vya Bibi

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alikwenda kuketi na bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi huyohuyo, kwa kuwa mtoto alisema bila kumeza mate. Lakini tangu bibi apatwe na kiharusi, ulimi wake ulikuwa mzito. Alijua alichotaka, ila neno halikutoka.

Chiriku alikuwa akijifunza kompyuta kwa shangazi yake. Akamtengenezea bibi programu. Kwenye skrini alipanga vitufe vikubwa kwa safu, kama vigae vya sakafuni: Naomba maji, Nina njaa, Naumwa, Njoo hapa, hadi cha mwisho, Nataka kulala. Bibi angebofya, kompyuta imsemee.

"Umevijaribu vyote?" shangazi aliuliza.

"Vyote, shangazi!"

Kumbe alijaribu kile cha mwisho tu.

Kesho yake bibi alibofya Naomba maji. "Nataka kulala," ikasema kompyuta. Mama alisikia kutoka jikoni, akaja kumlaza na kumfunika vizuri. Bibi akatikisa kichwa. Mama akadhani ni usingizi. Alipomchungulia baadaye, alimkuta midomo imemkauka, machozi yanamlengalenga.

Chiriku aliporudi kutoka shuleni na kusikia hayo, roho ilimuuma. Angeweza kuisingizia kompyuta, nayo isingejitetea. Lakini alimwendea shangazi.

"Nilikudanganya. Nilijaribu kimoja tu."

Shangazi hakufoka. Alivuta kiti, wakasoma programu pamoja. "Ona. Vitufe vyote umeviambia vikasome neno kwenye kisanduku kimoja. Kila neno jipya lilifuta lililotangulia; ulipomaliza kuvipanga, humo lilibaki la mwisho. Kipe kila kitufe neno lake mwenyewe, tangu unapokiunda."

Chiriku akarekebisha, kisha akabofya kitufe kimoja kimoja, safu kwa safu, bila kuruka hata kimoja. Akamrudishia bibi kompyuta, shangazi akimfuata, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, bibi. Nilikulaza na kiu."

Bibi akabofya. "Njoo hapa." Akamvuta sikio polepole, halafu akamkumbatia.

"Kukosea si aibu," shangazi alisema. "Mimi hukosea kila siku. Lakini ukisema umejaribu, mwenzako huliegemea neno lako kama fimbo. Sema ulichofanya, na usichofanya ukiseme pia. Tena mwanangu, kazi ya..."

"Nina njaa," ikasema kompyuta.

Wakageuka. Bibi alikuwa ameinua kidole, mabega yakimtikisika kwa kicheko.