Kisanduku Kisicholala

Jioni, Mama Pacha hufunika cherehani yake na kufagia nyuzi zilizoanguka sakafuni. Pacha wake wakishakula na kulala, sebule inakuwa ya wakubwa. Wakubwa wenyewe ni wawili tu: yeye na Bibi, mama mkwe wake.

Mumewe, Baba Pacha, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yuko nchi ya mbali, anajenga daraja. Huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Mpaka leo Mama Pacha hulala ukingoni mwa kitanda, kama anayemwachia mtu nafasi.

Kabla hajaondoka, Baba Pacha alinunua kisanduku kidogo cheusi, akakichomeka kwenye televisheni. Kisanduku hicho huleta filamu na tamthilia kwa intaneti. Alikifungulia akaunti, na akaunti hiyohiyo akaiweka kwenye simu yake.

"Tuchague tamthilia moja," alimwambia mkewe. "Kila siku sehemu moja. Wewe hapa, mimi kambini. Hakuna kumtangulia mwenzake."

Ikawa desturi yao. Chini ya picha kulikuwa na mstari mwekundu, unaoonyesha tamthilia imefika wapi. Baba Pacha alikuwa akitazama kwanza, akitoka kazini. Mama Pacha akiukuta mstari umejaa, roho yake ilitulia. Alijua mumewe amerudi salama, ameoga, ameketi. Ndipo naye alipoitazama sehemu ileile. Watu wengine hupelekeana maua. Hawa walipelekeana mstari.

Bibi alipohamia kwao, alijipa kazi ya kuzima. Hapendi kuona kitu kinawaka bure. Tamthilia ikiisha tu, alichukua rimoti kubwa ya televisheni, akabonyeza kitufe chekundu. Kisha alifunika televisheni na kisanduku chake kwa kitambaa kizito alichokifuma mwenyewe.

"Kitu kikilala, kifunikwe," alisema.

Siku moja Mama Pacha aliwasha, akashangaa. Mstari ulikuwa umeruka sehemu kadhaa mbele.

"Hakunisubiri," alisema kimoyomoyo.

Kesho yake ulikuwa umeruka tena. Alitamani kuuliza, akanyamaza. Atauliza nini? Mtu mzima alie kwa sababu ya tamthilia? Lakini iliuma. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya pamoja na mumewe, na sasa hata hicho mumewe anakifanya peke yake. Au si peke yake?

Mwisho wa juma Baba Pacha akapiga simu. Hakusalimia vizuri.

"Mama Pacha, umenikimbia."

"Nimekukimbia wapi?"

"Kwenye tamthilia. Nikifungua simu nakuta umefika mbali. Unatazama na nani?"

Mama Pacha aliona joto linampanda usoni. "Mimi? Wewe ndiye uliyeniacha! Huko kambini unatazama na nani?"

"Usinigeuzie kibao. Mimi nimesimama palepale tulipoachia."

"Nami nimesimama palepale!"

"Basi imetembea yenyewe? Ina miguu?" Akacheka kicheko kikavu. "Wahenga walisema, asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo. Sawa. Usiku mwema."

Simu ikakatika. Siku zilizofuata hakupiga. Mama Pacha naye hakupiga. Alishona mikono ya gauni la mteja kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena. Jioni aliketi mbele ya televisheni bila kuiwasha. Alimkumbuka mumewe mpaka kifua kikauma. Tena aliogopa. Ndoa yao ilikuwa inakaa ndani ya simu na huo mstari. Vikinyamaza vyote viwili, itakaa wapi?

Mwenye gauni lile alikuwa jirani yao, fundi umeme. Mtaa mzima unamwita Mama Soketi. Alipokuja kulijaribu, aliweka mkono mezani, juu ya kitambaa kilichofunika kisanduku, ili ajigeuze. Akauondoa upesi.

"Jamani, hiki kisanduku kina homa?"

"Kimelala," Bibi akajibu. "Tumekizima tangu asubuhi."

Mama Soketi alifunua kitambaa. Kwenye kisanduku, nyuma ya televisheni, kulikuwa na taa ndogo nyeupe. Ilikuwa inawaka.

"Bibi, hiki hakijalala. Mmezima televisheni tu. Kisanduku kina umeme wake na waya wake. Kuna televisheni zinazozimika pamoja na kisanduku. Hii yenu haifanyi hivyo. Ngojeni mwone."

Akawasha televisheni. Tamthilia ilikuwa inaendelea, watu wanagombana jikoni, hakuna anayewatazama. Mama Pacha aliziba mdomo kwa mkono.

"Sehemu ikiisha, kisanduku kinaleta inayofuata chenyewe," Mama Soketi akaeleza. "Ndivyo kilivyopangwa. Lakini hakiendi bila mwisho. Kikiona kimya sana, huuliza kwenye kioo, 'Bado unatazama?' Asipojibu mtu, husimama. Hiki chenu kimefikaje huku? Ni lazima kuna anayekijibu."

Bibi akarekebisha mtandio wake.

"Mimi hukijibu," akasema.

"Wewe, Mama?" Mama Pacha akageuka.

"Asubuhi huwasha kidogo nione kama kimeamka salama. Nakuta kinauliza. Kinauliza kwa adabu! Nachukua kile kirimoti kidogo cha kisanduku, nabonyeza 'Ndiyo.' Nisijibu, mimi nimelelewa wapi? Kisha nazima, nafunika."

Mama Soketi alicheka mpaka akakaa chini, gauni likiwa na pini zake. Mama Pacha alicheka, halafu machozi yakamtoka. Akaeleza yote: mstari, simu, maneno aliyoambiwa na yale aliyoyasema.

"Futa machozi, uchukue rimoti," Mama Soketi akasema. "Sitakufanyia. Fanya mwenyewe, ukumbuke."

Alimwongoza polepole. Kwanza, simamisha tamthilia kwa rimoti ndogo, urudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Pili, nenda kwenye mipangilio, ukilaze kisanduku hadi taa izimike. Televisheni huzimwa mwisho. Kisha walifungua mipangilio ya akaunti, wakaondoa alama kwenye maneno 'Cheza sehemu inayofuata.'

"Sasa kila sehemu itasimama ikiisha. Na hawa pacha hutazama katuni kwa jina la nani?"

"La baba yao. Lipo hilo moja tu."

"Wape jina lao humo ndani. Akaunti ni nyumba, majina ni vyumba. Katuni zao zikae chumbani kwao, na filamu za kutisha zisiwafikie. Na wewe Bibi, kitambaa chako ni kizuri, lakini kisanduku kinataka hewa. Kikipata joto sana kitaharibika. Funika meza."

"Na kikiniuliza tena?"

"Kama hutazami, bonyeza 'Hapana.' Hakitanuna."

Mama Soketi alipoondoka, Mama Pacha alishika simu. Aliiweka chini. Aliishika tena. Akapiga.

"Baba Pacha, usikate. Nimemjua aliyekuwa anatutangulia."

"Nani?"

Bibi akainyakua simu. "Ni mimi, mwanangu! Mimi na kisanduku chako!"

Bibi alieleza kwa kirefu, akijitetea kila hatua. Upande wa pili kikasikika kicheko. Mama Pacha alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa muda mrefu. Akaichukua simu.

"Nilikuonea wivu," alisema.

"Nami nilikuonea. Nilikuwa naitazama simu bila kuifungua, nikijiambia nyumbani wamezoea kukaa bila mimi."

"Hatujazoea. Hatutazoea. Rudi palepale tulipoachia."

Tangu siku hiyo kisanduku hulala, na kifurushi cha intaneti hakiishi kabla ya wakati wake. Bibi ndiye hukagua taa. Pacha wana jina lao, wanalilinda kama shamba. Na wazazi wao wamebadili desturi: hawafuatani tena, wanatazama pamoja. Mama Pacha huweka simu sikioni, mumewe huhesabu, "Moja, mbili, tatu," nao hubonyeza kwa wakati mmoja.

Intaneti ya kambini ni ya polepole. Jambo la kuchekesha humfikia Baba Pacha akiwa nyuma kidogo. Siku za mwanzo Mama Pacha alicheka kwanza, kisha akasikia mumewe anacheka peke yake, mbali kabisa.

Siku hizi hukizuia kicheko chake. Hukibana mdomoni, husubiri. Kicheko cha mumewe kikifika, ndipo naye hucheka.