Barua Iliyolowa

Khamisa wa mtaa wa Barani, Malindi, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kutulia hakukujua. Akiosha vyombo, masikio yako uwanjani kwa wenzake wanaocheza kati, mchezo wa kurusha na kukwepa mpira. Nyanya yake, Bi Ruqaiya, humwambia kila siku kwamba haraka haraka haina baraka, naye huitikia "naam" akiwa ameshafika mlangoni.

Jumatatu moja baba yake, Uweis, alirudi kutoka gerezani baada ya miaka mitatu. Bi Ruqaiya hakumruhusu kuvuka kizingiti. Alimtaka kwanza aoge uani, avae kanzu safi, na nguo alizotoka nazo zitiwe majini ili nuksi isiingie nyumbani. Kazi ya kuziloweka alipewa Khamisa, akaonywa apekue mifuko kwanza. Lakini wenzake walikuwa wakimwita. Aliitosa suruali ndooni vilevile, akamimina sabuni, akakimbia.

Jioni Uweis aliwaketisha, akawaeleza bila kuficha kwamba anaishi na virusi vya ukimwi. Dawa alianzishiwa gerezani, na kwa kuwa huimeza kila siku, ana nguvu zake na wanaweza kula naye sahani moja bila wasiwasi. Alikuwa amebakiwa na vidonge saba. Zahanati ya gereza ilimpa barua ya kupeleka hospitali ili aendelee kupata vingine.

"Khamisa, niletee," alisema. "Imo mfukoni mwa suruali."

Khamisa alikwenda uani. Karatasi ilikuwa imegeuka uji, wino wote umeyeyukia majini. Aliitupa jaani, akarudi na kusema mifuko ilikuwa mitupu. Baba yake akadhani ameiangusha njiani.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Uweis alishikilia kwamba bila barua hospitali itamfukuza, na kuomba nyingine ni kurudi kwenye lango la gereza ambalo aliapa hataliona tena. Alizunguka kutoka chumbani hadi uani, akikaa hapa, akiinuka pale. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja, na kila asubuhi Khamisa alichungulia chupa. Vikabaki vitano, kisha vitatu. Hata kati aliichukia, maana kila alipoudaka mpira aliiona ile ndoo.

Asubuhi ya kidonge cha mwisho alishindwa kuvumilia.

"Baba, barua sikuitafuta," alisema. "Niliitia majini pamoja na suruali, kisha nikakudanganya."

Khamisa akangojea kofi, lakini halikuja.

"Vaa viatu," baba yake alisema. "Utayasema hayo hayo hospitalini. Huenda wakakuamini wewe."

Hospitalini walipokewa na muuguzi aliyeitwa Nyaboke. Aliwasikiliza, akasoma maandishi yaliyokuwa kwenye chupa tupu, akapiga simu zahanati ya gereza na kupewa habari zote za matibabu ya Uweis. Alimtoa damu ya kupima, akampa dawa za mwezi mzima. Adhana ya adhuhuri ilipolia, walikuwa wameshamaliza. Ndipo Nyaboke alipowageukia wote wawili.

"Barua hutusaidia, lakini haimtibu mtu," alisema. "Ungekuja mikono mitupu siku ile ile ungehudumiwa. Ungechelewa na kukatiza dawa, virusi vingepata nguvu tena. Mwanangu, kosa lako lilikuwa dogo, uongo ndio uliolikuza. Nawe baba, wiki nzima umeogopa jibu la swali ambalo hukuliuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Khamisa alilia bila kujizuia. Uweis alimshika mkono.

"Mimi niliogopa lango, na mwanangu akaniogopa mimi," alisema. "Na dawa ilikuwa hapa siku zote, mwendo wa nusu saa kwa miguu."